Jinsi ya Kuandika Historia ya Klabu ya Soka ya Marekani Iliyokufa: Mfano wa Rochester Rhinos

Klabu za madaraja ya chini Marekani hufa kimyakimya. Hutolewa taarifa fupi, tovuti hubaki hewani hadi ada ya anwani yake iishe, kisha matokeo, orodha za wachezaji na picha vyote hutoweka. Anayetaka kuirudisha historia hiyo hukuta vipande vimetawanyika katika magazeti, maktaba, ofisi za serikali na masanduku ya watu binafsi, na vingi vinapingana.

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuviunganisha kwa kufuata klabu moja tu, Rochester Rhinos ya jimbo la New York. Ndani yake mna karibu kila mtego utakaokutana nao kwenye klabu nyingine. Pia ni klabu inayostahili kukumbukwa vizuri: tangu MLS, ligi ya juu kabisa ya Marekani, ianze mwaka 1996, hakuna timu nyingine ya nje ya ligi hiyo iliyowahi kutwaa Kombe la U.S. Open, kombe la taifa linalozikutanisha timu za madaraja mbalimbali.

Kwanza amua unafuata uzi upi

Marekani, kitu tunachokiita klabu huwa ni nyuzi kadhaa zilizosukwa pamoja: kampuni iliyosajiliwa, haki ya kushiriki ligi, jina na nembo, uwanja, na mashabiki wa mji husika. Nyuzi hizo zinaweza kuachana. Kampuni hufa jina likauzwa; haki ya kushiriki huhamia mji mwingine; jina la zamani huokotwa na watu wapya baada ya miongo. Usipoamua mapema unafuata upi, utajikuta umeandika historia ya timu mbili ukidhani ni moja.

Bethlehem Steel ni onyo zuri. Klabu ya kwanza yenye jina hilo ilikuwa ya kiwanda cha chuma huko Pennsylvania, ilianza 1907 na ikatoweka 1930. Jina likarudi 2016 kama timu ya pili ya Philadelphia Union, klabu ya MLS, likaachwa tena mwisho wa 2019. Kati ya hizo mbili hakuna kampuni, mkataba wala mchezaji aliyevuka. Hizo ni klabu mbili.

Rochester nayo ina jambo la namna hiyo. Kabla ya Rhinos, mji huo ulikuwa na Rochester Lancers, walioanza 1967, wakatwaa ubingwa wa NASL, ligi ya juu ya Marekani wakati huo, mwaka 1970 na kufa 1980. Wapo wanaoanza historia ya Rhinos kwa Lancers kana kwamba moja iliizaa nyingine. Lancers wape aya moja ya mandhari, ili msomaji aelewe kwa nini mji ule ulikuwa na mashabiki tayari, kisha waache hapo.

Uzi wa Rhinos wenyewe uko hivi: timu ilianza 1996 kwa jina la Rochester Raging Rhinos, baadaye neno Raging likaondolewa, Desemba 2021 ikabatizwa upya Rochester New York FC, ikacheza msimu mmoja kwa jina hilo, 2022, na Machi 2023 ikatangaza kufunga shughuli. Hapa umiliki na haki za jina vilipita kutoka mkono hadi mkono bila kukatika, kwa hiyo ni sahihi kuihesabu kuwa klabu moja. Uamuzi huo uandike wazi mwanzoni mwa kazi yako, pamoja na sababu yake.

Jenga jedwali la misimu kabla ya kuandika sentensi hata moja

Fungua jedwali lenye mstari mmoja kwa kila msimu. Safu zake ziwe hizi: mwaka, jina la timu mwaka huo, ligi, daraja ambalo shirikisho liliipa ligi hiyo, michezo, ushindi, kufungwa, sare, pointi, nafasi, mchujo wa mwisho wa msimu uliishia wapi, Kombe la U.S. Open lilifika raundi gani, kocha, uwanja wa nyumbani, wastani wa mahudhurio, na mwisho kabisa safu ya "nimeitoa wapi". Safu hiyo ya mwisho ndiyo itakayokuokoa pale takwimu mbili zitakapogombana baada ya miezi sita na huku umesahau kila kitu.

Miaka ambayo timu haikucheza iache na mstari wake, ila mtupu. Rhinos hawakucheza kuanzia 2018 hadi 2021. Ukiiruka miaka hiyo katika jedwali utairuka hata katika simulizi, na ndiyo miaka inayoeleza mengi kuhusu kifo cha klabu.

Safu ya ligi ndiyo huangusha wengi. Rhinos walianza kwenye A-League mwaka 1996, ligi ya timu saba tu. Mwaka 1997 ligi hiyo iliungana na ngazi ya juu ya USISL, mfumo wa ligi za madaraja ya chini, na kupanuka sana. Mwaka 2005 ikaitwa USL First Division. Mwaka 2010, baada ya wamiliki wa timu kugawanyika, shirikisho la soka la Marekani lilisimamia lenyewe ligi ya muda ya daraja la pili. Mwaka 2011 Rhinos wakaingia USL Pro, daraja la tatu. Ligi hiyo ikafupisha jina kuwa USL mwaka 2015, na ikapewa hadhi ya daraja la pili kwa masharti mwaka 2017. Mwaka 2022 timu ilirudi, sasa katika ligi ya MLS Next Pro, daraja la tatu, ikiwa timu pekee huko isiyo mali ya klabu ya MLS.

Msomaji aliyezoea Ligi Kuu ya Tanzania Bara au ya Kenya atauliza lini timu ilishuka. Haikushuka. Mfumo wa kulipwa wa Marekani haujawa na kupanda na kushuka daraja. Timu huomba nafasi, hulipa ada, huonyesha uwezo wa mmiliki na uwanja, na shirikisho huipa ligi nzima daraja lake. Mwaka 2010 Rhinos waliongoza msimamo wa msimu wa kawaida, na mwaka uliofuata wakawa daraja la tatu. Kwa hiyo usiandike "ilishuka daraja 2011". Andika "ilihamia ligi ya daraja la tatu", kisha eleza mgawanyiko wa wamiliki uliosababisha.

Majina ya ligi nayo yanajirudia. NASL ya 1968 hadi 1984 si ile iliyocheza 2011 hadi 2017. A-League ukiitafuta leo mtandaoni utaletewa ligi ya Australia, iliyolitumia jina hilo kuanzia 2005. Seattle Sounders waliowafunga Rhinos fainali ya A-League ya 1996 si timu ya MLS ya sasa, iliyoingia huko 2009. Kila jina la ligi au timu liambatane na mwaka wake, hata ndani ya rasimu.

Jifunze kusoma takwimu za Kimarekani

Hapa ndipo makosa huzaliwa bila mtu kushtuka, kwa sababu tarakimu zenyewe ni sahihi ila zimesomwa vibaya.

Rekodi ya timu huandikwa kwa mpangilio wa ushindi, kufungwa, sare. Rhinos wa 2015, chini ya kocha Bob Lilley, walimaliza msimu wa kawaida kwa 17-1-10. Anayesoma kwa mazoea yetu ataona sare moja na vipigo kumi. Ukweli ni kinyume: walifungwa mara moja tu katika michezo 28 na kutoka sare mara kumi. Jipime kwa hesabu: 17 mara 3 ni 51, ongeza 10, unapata pointi 61. Jumla yako isipolingana na safu ya pointi, ama mpangilio umeugeuza ama ligi ile ilikuwa na kanuni nyingine za pointi.

Na kanuni nyingine zilikuwepo. Katika miaka ya 1990, A-League, kama MLS, haikukubali sare. Mchezo uliokwisha kwa kulingana uliamuliwa kwa mchezaji kuanza na mpira yadi 35 kutoka golini na kumkabili kipa peke yake ndani ya sekunde chache. Ushindi wa namna hiyo haukuwa na thamani sawa na wa kawaida. Usizigeuze pointi hizo kuwa tatu kwa ushindi, moja kwa sare na sifuri kwa kufungwa ili "zilingane". Ziache zilivyo na ueleze kanuni ya mwaka huo.

Takwimu za mchezaji mmoja mmoja zina mtego wake. Magazeti ya Marekani yalihesabu "pointi" za mchezaji: mbili kwa kila bao, moja kwa kila pasi ya bao. Ukiona 12-5-29, mchezaji huyo amefunga mabao 12 na kutoa pasi tano za mabao. Hajafunga mabao 29. Orodha za wafungaji bora za zamani nyingi zilipangwa kwa pointi hizi, hivyo aliye juu ya orodha huenda si aliyefunga mabao mengi.

Tarehe huanza na mwezi. Uwanja wa Rhinos ulifunguliwa 6/3/2006, yaani tarehe 3 Juni, si 6 Machi. Katika faili zako tumia mwaka-mwezi-siku, 2006-06-03, ili kompyuta izipange yenyewe na asiwepo wa kukosea.

Mwisho, "bingwa" ana maana mbili. Kuna aliyeongoza msimamo na kuna aliyeshinda mchujo wa mwisho, na heshima kubwa ni ya huyu wa pili. Rhinos walitwaa ubingwa wa A-League 1998, 2000 na 2001, wakapoteza fainali za 1996 na 1999. Ule wa USL waliupata 2015, walipowafunga LA Galaxy II 2–1 baada ya muda wa nyongeza. Ya 2010 usiichanganye humo. Waliongoza msimamo, hawakushinda mchujo.

Mahali pa kuchimba

Gazeti la mji ndilo mgodi mkuu. Kwa Rochester ni *Democrat and Chronicle*. Wakati Rhinos wanaanza lilikuwa na mwandishi wa kufuatilia timu karibu kila mchezo. Michezo mingi ya Marekani huchezwa usiku, kwa hiyo tafuta toleo la siku inayofuata. Mchezo wa pwani ya magharibi unaweza kusogea hadi toleo la siku ya pili kwa sababu ya tofauti ya saa tatu. Ukitumia hifadhi za kidijitali za kulipia, tafuta kwa jina la mchezaji mwenye jina la nadra kuliko jina la timu. "Rhinos" peke yake itakuletea raga ya Leeds, na "Rochester" ipo pia Minnesota na Uingereza.

Utambuzi wa maandishi wa kompyuta hukosea herufi, basi jaribu tahajia mbili tatu. Yari Allnutt, kwa mfano, mtafute pia kwa L moja. Ukishindwa, fungua kurasa za michezo za tarehe husika na uzisome kwa macho. Ni kazi ya taratibu, lakini humo ndimo hukaa yale madogo yasiyopatikana kwingine: vikosi kamili, dakika za mabao, mahudhurio.

Kwa wasomaji wetu wanaoishi Marekani, maktaba kuu ya umma ya Rochester ina idara ya historia ya mji, yenye mikrofilamu na mafaili ya vipande vya magazeti. Waandikie kabla ya kwenda, ukitaja miaka na mada. Wakutubi wa idara hizi hujua kilichomo kwenye masanduku ambayo bado hayajaingizwa kwenye orodha ya mtandaoni. Aliye mbali anaweza kuomba kurasa chache zilizoskaniwa, ila taja tarehe kamili. Ombi la "kila kitu kuhusu Rhinos" halijibiki.

Tovuti zilizokufa zifuate kwenye Wayback Machine, hifadhi ya mtandaoni ya kurasa za zamani za tovuti. Usiishie ukurasa wa mwanzo. Weka anwani ya zamani ya klabu, fungua orodha ya kurasa zote zilizohifadhiwa, kisha tafuta za vikosi, ratiba na taarifa kwa vyombo vya habari. Fanya hivyo pia kwa tovuti ya ligi na tovuti za wapinzani: taarifa ya mchezo iliyopotea upande wa Rochester mara nyingi imesalia upande wa timu iliyocheza nayo.

Kisha rekodi za kisheria, ambazo wengi huziacha na ndizo zinazosema ukweli wa fedha. Idara ya Serikali ya Jimbo la New York ina hifadhidata ya bure ya kampuni: utaona jina halisi la kampuni, tarehe ya kusajiliwa na kama bado hai. Jina la kampuni mara nyingi halifanani na la timu, hivyo lipate kwanza kwenye habari za kesi au za mkataba wa uwanja. Kesi za mahakama za shirikisho, zikiwemo za kufilisika, zimo kwenye mfumo wa PACER: senti 10 za dola kwa ukurasa, kikomo dola 3 kwa waraka, na usipozidisha dola 30 kwa robo mwaka hulipi kitu. Anza na orodha ya wadai. Humo utajua klabu ilidaiwa na nani, na kiasi gani.

Uwanja mmoja, majina mengi

Ukisoma haraka utadhani Rhinos walihamahama kama timu isiyo na kwao. Hawakuhama hivyo. Kuanzia 1996 hadi 2005 walicheza Frontier Field, uwanja wa besiboli katikati ya mji, ambao baadaye uliitwa Innovative Field. Juni 2006 wakaingia uwanja wao wa soka wenye viti 13,768, PAETEC Park. Baada ya hapo jina lilifuata mdhamini: uliwahi kuitwa Rhinos Stadium, Marina Auto Stadium, Sahlen's Stadium kuanzia 2011, na Capelli Sport Stadium mwaka 2017. Ni majengo yaleyale. Mwaka 2022 ndipo timu ilihama kweli, kwenda uwanja wa chuo cha Monroe Community College.

Tengeneza jedwali dogo la pili lenye anwani ya mtaa upande wa kushoto na majina kwa miaka upande wa kulia. Anwani haibadiliki mdhamini akiondoka. Katika simulizi tumia jina la wakati ule, na mara ya kwanza tu mkumbushe msomaji kuwa ni uwanja uleule.

Mahudhurio yapokee kwa tahadhari. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Rhinos walikuwa wakipata wastani wa zaidi ya watu 10,000, idadi ambayo baadhi ya timu za MLS zingeitamani. Hata hivyo, tarakimu zinazotangazwa Marekani kwa kawaida ni za tiketi zilizotolewa, pamoja na za bure, si za watu waliopita getini. Andika "mahudhurio yaliyotangazwa". Ukipata picha ya jukwaa la siku hiyo, itumie kama shahidi wa pili.

Mchezo mkubwa upe nafasi yake

Kila klabu ina siku moja ambayo mashabiki wake huitaja kwanza. Kwa Rhinos ni fainali ya Kombe la U.S. Open, 14 Septemba 1999. Usiipe mstari mmoja. Ianzishe mbali: mwaka 1996, msimu wao wa kwanza kabisa, walifika fainali ya kombe hilohilo na kulala 3–0 mbele ya D.C. United. Kwa hiyo 1999 haikuwa bahati ya usiku mmoja.

Njia ya 1999 ipange kwa mpinzani. Waliwatoa Chicago Fire, waliokuwa mabingwa watetezi wa kombe hilo na wa MLS pia. Wakawatoa Dallas Burn. Nusu fainali wakawafunga Columbus Crew 3–2. Fainali wakawachapa Colorado Rapids 2–0 kwa mabao ya Doug Miller na Yari Allnutt, kocha akiwa Pat Ercoli. Timu nne za MLS mfululizo. Fainali ilichezwa Columbus, na humo mna mtego: waandishi wengine huona jina la uwanja na kuandika kwamba Rhinos waliwafunga Columbus fainali. Daima tenganisha safu ya uwanja na safu ya mpinzani.

Kwa mchezo wa uzito huu tafuta angalau masimulizi matatu: gazeti la Rochester, gazeti la Denver, mji wa Rapids, na taarifa ya shirika la habari. Linganisha mfungaji, dakika, aliyetoa pasi na idadi ya watu. Wakipishana dakika moja ya bao hilo si tatizo. Wakipishana mfungaji, tafuta video au taarifa rasmi ya mwamuzi.

Kuwahoji waliokuwepo

Wachezaji, wasimamizi wa vifaa na wauza tiketi wa miaka ya 1990 wengi bado wako hai, na baadhi wamebaki Rochester. Wahoji baada ya jedwali kukamilika, si kabla. Ukimuuliza mtu "1999 ilikuwaje?" atakupa simulizi aliloshalirudia mara mia. Ukimwekea mbele orodha ya kikosi cha siku fulani, atakuambia nani alikuwa majeruhi, nani hakulipwa, basi liliharibikia wapi. Rekodi sauti, omba ruhusa ya kuitumia kwa maandishi, na kila tarehe anayoitaja ihakiki kwa gazeti. Kumbukumbu ya mtu ni nzuri kwa sababu na hisia. Kwa tarehe na matokeo huteleza.

Kifo kina tarehe zaidi ya moja

Usiandike "ilikufa 2017" wala "ilikufa 2023" kabla hujatenganisha mambo matatu: mchezo wa mwisho, tangazo, na kufungwa kwa kampuni. Mwishoni mwa Novemba 2017 Rhinos walitangaza kusimama kwa msimu wa 2018. Mashabiki wengi huhesabu hicho ndicho kifo. Kisheria, haki na jina vilibaki, na Juni 2021 mchezaji wa Uingereza Jamie Vardy akaingia miongoni mwa wamiliki. Msimu wa 2022 ulichezwa. Machi 2023 ndipo mwisho ulipotangazwa. Tarehe zote ziweke, kila moja na jina lake.

Sababu zichukue kwa ushahidi, na uzipange kwa kina. Uwanja wa 2006 ulijengwa kwa matumaini ya kuingia MLS. Mlango huo ukawa unapanda bei: Toronto FC, iliyoanza 2007, ililipa ada ya dola milioni 10, Charlotte mwaka 2019 iliahidi milioni 325. Mji wa ukubwa wa Rochester usingeweza kuifukuzia bei hiyo. Huku chini nako masharti yalikaza: shirikisho hutaka ligi ya daraja la pili iwe na viwanja vya watu 5,000 au zaidi na mmiliki mkuu mwenye utajiri wa dola milioni 20. Mazingira hayo yaeleze kama mazingira. Ukitaka kusema fulani ndiye aliyeiua klabu, uwe na waraka mkononi, si maneno ya jukwaani.

Hakimiliki na kuhifadhi

Kwa sheria ya Marekani, kazi iliyochapishwa kuanzia 1 Machi 1989 ina hakimiliki hata bila alama yoyote. Rhinos walianza 1996, kwa hiyo picha, programu za mechi na makala zake zote zina mwenyewe. Matokeo na tarehe ni vya wote. Maneno na picha omba ruhusa ya maandishi.

Programu na tiketi ziskani kwa nukta 400 kwa inchi, uhifadhi nakala ya TIFF, muundo wa picha usiopunguza ubora, na nyingine ndogo ya kuonyesha. Jina la faili lianze na tarehe, kisha mpinzani, kisha aina: 1999-09-14_colorado_programu. Weka nakala tatu, moja ikiwa nje ya nyumba. Jedwali lako lihifadhi pia katika muundo wa CSV, unaofunguka bila kutegemea programu ya kampuni yoyote. Nakala ya kazi nzima ipelekee idara ya historia ya maktaba ya mji husika, pamoja na karatasi moja inayoeleza vifupisho ulivyotumia na safu zipi bado zina mapengo.